Mtoto anayecheua kupita kiasi: subira, dawa, matundu madogo au mkato mrefu?

"Nesi, nimesikia siku hizi kuna upasuaji wa matundu madogo, mtoto analala wodini siku mbili tatu anatoka. Si bora tumpeleke tu?"

Nimeulizwa hivyo mara nyingi na akina mama waliokaa mbele yangu na mtoto begani, khanga imelowa maziwa hadi mgongoni. Safari moja aliyeniuliza alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu wa Kasulu. Kijana wao alikuwa na miezi saba na kilo sita tu, ameshalazwa kwa nimonia mara mbili, na kila akinywa maziwa nusu yake inarudi. Wifi hakuwa amelala usingizi wa maana tangu ajifungue. Siku hiyo niliona kwamba majibu yangu ya wodini ni mafupi mno kwa mtu anayetakiwa kuuza mbuzi, kufunga genge lake na kupanda basi kwenda Mwanza. Nikakaa naye, tukapitia njia moja baada ya nyingine. Ninayoandika hapa ni yale tuliyozungumza jioni ile, pamoja na niliyoyaona baadaye kwa watoto wengine.

Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji ajue ninakoelekea: ukubwa wa tundu ndio jambo la mwisho kuamua, na wazazi wengi wanalifanya la kwanza.

Anacheua au anaumwa?

Kati ya umio, yaani njia inayoshusha chakula kutoka kooni, na mfuko wa tumbo kuna msuli wa mviringo unaofanya kazi ya mlango. Kwa mtoto mchanga msuli huo bado mlegevu, chakula chake chote ni cha majimaji, na muda mwingi amelala. Ndiyo maana maziwa yanarudi. Hali hii hufikia kilele karibu na miezi 4, na kwa watoto walio wengi huisha kati ya miezi 12 na 18, wakishakaa, wakasimama na kuzoea chakula kigumu. Mtoto anayecheua mara sita kwa siku huku uzito unapanda na uso una furaha hahitaji dawa wala kisu.

Anayeumwa ni yule ambaye asidi inamchubua umio au maziwa yanamwingia mapafuni. Mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki unalala, halafu unashuka. Analilia titi, akinyonya kidogo anajipinda mgongo na kulia, kisha analikataa. Nimonia zinafuatana. Wengine hutapika chenye damu, wengine huacha kupumua kwa sekunde kadhaa hadi midomo inabadilika rangi.

Kuna pia kutapika kusikohusiana na haya. Matapishi ya kijani kwa mtoto mchanga ni dharura ya saa, wala si ya siku, kwa kuwa utumbo unaweza kuwa umejisokota. Mpelekeni hospitali ya mkoa, Maweni kwa walio Kigoma au Kitete kwa walio Tabora, usiku huohuo. Mtoto wa wiki tatu hadi nane anayetapika kwa kurusha mbali kisha anadai titi tena, huenda njia ya kutokea chakula tumboni imezibwa na msuli uliokuwa mnene. Naye ana upasuaji wake, mdogo, tofauti na huu wa kuzuia maziwa yasirudi. Kutapika pamoja na homa, katika mikoa yetu, ni kwenda kupima malaria kwanza, na mkojo pia upimwe. Utosi ukivimba msisubiri kukuche.

Sasa kimeo. Hapa naomba mnisikilize. Watoto wengi niliowapokea wakicheua na kukohoa walikuwa wameshapitishwa kwa fundi wa kukata kimeo, na baadhi wameng'olewa vile vijino vinavyoitwa meno ya plastiki. Kimeo hakirudishi maziwa. Maziwa yanatoka chini, kwenye mlango wa tumbo, na kimeo kiko juu kooni, hakina habari. Kinacholetwa na kisu kile ni damu, maambukizi na mtoto anayeogopa kumeza kwa sababu koo linauma. Na mama anayeambiwa mtoto "amebemendwa", kwamba yeye na mumewe hawakujizuia, huwa namwambia hata mbele ya mama mkwe wake: hukukosea kitu, mama, ni msuli ambao haujakomaa. Nimeona aibu hiyo ikiwachelewesha watu kufika kliniki kuliko nauli inavyowachelewesha.

Subira, halafu dawa

Subira ninayoisema ina kazi ndani yake. Mnyonyeshe kidogo kidogo mara nyingi. Mcheulishe katikati, kisha mshike wima dakika 20 hadi 30 akishamaliza. Alale chali juu ya godoro lililonyooka, kwa kuwa kulala kifudifudi kunaongeza hatari ya mtoto kufa ghafla usingizini, na kumweka juu ya mto hakusaidii. Asikae penye moshi wa jiko wala wa sigara. Kikohozi kinakamua tumbo. Uji usianze kabla ya miezi sita hata kama bibi anasisitiza kuwa utayashikilia maziwa. Baada ya miezi sita ni sawa, na mzito hutulia tumboni kuliko mwepesi.

Jambo moja zaidi hupitwa na wengi: maziwa ya ng'ombe. Mzio wa protini yake kwa mtoto unafanana na ugonjwa huu hadi daktari mwenyewe hawezi kuutofautisha kwa macho, na njia ya kujua ni kuyaacha kwa wiki mbili hadi nne, mama anayenyonyesha naye akiyaacha, kisha kuona. Nilipomuuliza wifi polepole, nikagundua kwamba tangu mwezi wa nne mtoto alikuwa akipewa maziwa ya ng'ombe jioni kwa sababu walimwambia ya kwake hayatoshi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza, na yeye hakujua kwamba ni la kusema.

Dawa inayotolewa zaidi ni omeprazole. Kazi yake ni kupunguza ukali wa asidi. Haizuii maziwa kupanda. Nairudia kwa sababu uamuzi wote unasimama hapo. Mtoto ambaye taabu yake ni umio uliochubuka anaweza kupona kwa wiki 4 hadi 8 za dawa. Yule ambaye maziwa yanaingia mapafuni ataendelea kuumwa kifua, kwa sababu yataendelea kuingia, ila sasa yana asidi kidogo, na asidi yenyewe ni mlinzi wa tumbo dhidi ya vijidudu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwachukua watoto 162 wa chini ya mwaka mmoja. Nusu walipewa lansoprazole, ambayo ni ndugu yake omeprazole, na nusu wakapewa dawa bandia. Pande zote mbili waliopata nafuu walikuwa asilimia 54. Waliopata madhara makubwa walikuwa wengi zaidi upande wa dawa halisi. Kwa hiyo kulia na kucheua peke yake si sababu ya kuianza. Mimi hunisikitisha kuona kidonge cha mtu mzima kinafunguliwa na kumwagwa kwenye kijiko, mtoto hajawekwa hata kwenye mzani. Dozi inafuata uzito, na daktari ndiye wa kuiandika na kuisimamisha.

Upasuaji unafanya nini hasa

Daktari Mjerumani Rudolf Nissen, akiwa Basel huko Uswisi, aliuchapisha upasuaji huu mwaka 1956, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo huzungushwa kwenye shingo ya umio na kushonwa, ndio huo mkunjo nitakaoutaja, na tundu la kiwambo, ule ukuta unaotenganisha kifua na tumbo, hukazwa. Mfikirie mama anavyojifunga khanga kiunoni: ikilegea inadondoka, akiikaza mno hapumui. Daktari anatafuta katikati hapo, kwa mtoto ambaye umio wake ni mwembamba kama kidole cha mama yake au chini ya hapo. Wapo wanaozungusha yote na wapo wanaozungusha nusu au robo tatu. Kuzungusha nusu kunamwachia mtoto nafasi zaidi ya kumeza na kutoa gesi, kuzungusha yote kunazuia kwa nguvu zaidi.

Tofauti na dawa, upasuaji unazuia kitu kupanda, kiwe kikali au kisiwe. Ndiyo maana hufikiriwa kwa wanaorudia nimonia za maziwa, wanaoacha kupumua, waliozaliwa umio umekatika ukaungwa, wenye ngiri ya kiwambo, na watoto wenye mtindio wa ubongo ambao hata kumeza mate ni kazi. Hawa wa mwisho ndio wanaouhitaji zaidi, na ndio ambao kwao mkunjo hulegea zaidi, kwa sababu misuli yao inakakamaa na tumbo linasukuma juu kila siku. Ni vigumu kuwaambia wazazi mambo hayo mawili kwa pamoja, lakini wana haki ya kuyasikia yote kabla hawajaweka sahihi.

Vipimo vinatangulia: X-ray ya kumeza bariamu kuona kama njia imekaa vizuri, kamera ya kuingizwa kooni, na penye uwezo waya mwembamba wa kupima asidi kwa saa 24. Mkiambiwa mtoto wenu anapasuliwa bila hata kimoja, ulizeni kwa nini.

Matundu madogo na mkato mrefu

Ndani ya tumbo kazi ni ileile. Wote wawili wanalazwa kwa nusu kaputi, wote wawili wanashonwa mkunjo uleule. Kinachotofautiana ni mlango wa kuingilia.

Kwa matundu, daktari hutoboa sehemu nne au tano, kila moja kama milimita 3 hadi 5, anapuliza gesi ya kaboni dioksidi tumbo liinuke kama hema, anaingiza kamera na vyuma vyembamba. Kwa mkato, anafungua kutoka chini ya chembe ya moyo kuelekea kitovuni na kufanya kazi kwa mikono yake.

Maumivu baada ya matundu ni madogo, na nimewaona watoto wakidai titi mapema. Kidonda kidogo kina nafasi ndogo ya kuoza, na kwa familia inayorudi kwenye nyumba ya vumbi hilo ni jambo zito. Ndani pia utumbo haugandani sana na makovu, kwa hiyo hatari ya kuziba miaka ya mbele inapungua. Kwa upande wa pili, matundu huchukua muda mrefu zaidi chini ya nusu kaputi, na gesi husukuma kiwambo juu. Mtoto mwenye moyo mbovu au mapafu yaliyochoka anaweza asiivumilie. Mtoto aliyewahi kupasuliwa tumbo akawa na makovu mengi huenda daktari akamchagulia mkato moja kwa moja. Tena aliyeanza kwa matundu anaweza kumaliza kwa mkato siku hiyohiyo, damu ikitoka au njia isipoonekana. Hapo msidhani mmedanganywa. Daktari amechagua usalama.

Linalowashangaza watu ni hili. Huko Norway waliwagawa watoto kwa bahati nasibu, wengine matundu na wengine mkato, wakawafuatilia kwa takriban miaka minne. Ugonjwa ulirudi kwa asilimia 37 ya waliofanyiwa matundu, na asilimia 7 ya waliofanyiwa mkato. Siku za kulala wodini hazikutofautiana sana. Utafiti mwingine wa Uingereza haukuona tofauti kubwa hivyo, na ulionyesha waliofanyiwa matundu hawasumbuliwi sana kama wa mkato na kule kujikamua kutapika bila kitu kutoka. Mimi sisomi hapo kwamba matundu ni mabaya. Ninachosoma ni kwamba kovu dogo nje halisemi lolote kuhusu uimara wa mkunjo ndani. Uimara unatoka kwenye mkono wa daktari na idadi ya watoto aliowahi kuwafanyia.

Kwa hiyo mkifika, iwe Bugando ya Mwanza, Muhimbili ya Dar es Salaam au kwingine mtakakoandikiwa rufaa, swali lenu lisiishie "mnafanya matundu?" Ulizeni daktari bingwa wa upasuaji wa watoto: wewe mwenyewe umewafanyia wangapi wa umri huu? Wangapi walirudi? Daktari wa nusu kaputi amezoea watoto wa kilo ngapi? Baada ya hapo mtoto atalala chumba chenye uangalizi wa aina gani? Mwenye kazi safi hakasiriki kuulizwa. Kama aliye mbele yenu amewafanyia wengi kwa mkato na wachache kwa matundu, mimi ningempa mtoto wangu kwa mkato, na kovu lile tungeishi nalo.

Mpira wa kulishia nautaja kwa kifupi, kwa kuwa kwetu huku una nafasi finyu. Ule unaotobolewa tumboni husaidia sana mtoto asiyeweza kumeza, na mara nyingi hufanywa pamoja na mkunjo. Ule unaopitishwa hadi utumbo mdogo huruka tumbo lote, hivyo unaweza kuwa badala ya upasuaji, lakini ukichomoka unarudishwa kwa msaada wa X-ray, na chakula kinapita polepole kwa mashine ya umeme saa nyingi. Anayeishi karibu na hospitali kubwa anaweza. Anayeishi Uvinza au Kaliua atakuwa njiani kila mara.

Mkirudi nyumbani

Sehemu hii haizungumzwi vya kutosha wodini, na kwangu ina uzito kuliko mengine yote.

Mtoto mwenye mkunjo mzima mara nyingi hawezi kutapika, na kubeua kunamwia vigumu. Mwanzoni tumbo linajaa gesi, anajikamua bila kutoa, anakwama na vipande vikubwa. Kwa wiki kadhaa chakula ni laini na kidogo kidogo. Baadhi hutoka jasho na kulegea baada ya kula, kwa sababu chakula kinashuka haraka mno na sukari inapanda kisha inaanguka. Mengi ya haya hupungua. Lakini akipata ugonjwa wa tumbo wa kawaida, kuhara na kichefuchefu kama watoto wengine, tumbo linaweza kujaa na kutanuka kwa kuwa halina pa kutokea. Utumbo ukiziba hataonyesha kwa matapishi kama mtoto mwingine. Ataonyesha kwa tumbo kuwa gumu, kulia na kupauka. Anahitaji mpira wa puani wa kupunguza tumbo mapema, na mtu anayejua kwa nini anauweka.

Kutoka Kigoma hadi Mwanza ni siku nzima ya basi, na Dar es Salaam kwa treni ya reli ya kati unalala njiani. Mtoto huyo hatafika kwa daktari wake kwa wakati. Atafika zahanati, kituo cha afya, au hospitali ya mkoa kwa bahati njema. Ndiyo maana nawaambia wazazi wasitoke hospitali kubwa bila barua ya kawaida, yenye lugha wazi: amefanyiwa upasuaji gani, lini, mkunjo mzima au nusu, asipoweza kutapika afanyiwe nini, namba ya wodi ya kupigiwa. Nakala moja iwe ndani ya kadi ya kliniki, nyingine muipeleke wenyewe kwa mganga wa zahanati yenu mtoto akiwa mzima, muisome pamoja.

Gharama nazo ziingie kwenye mizani. Sera ya nchi inawasamehe watoto wa chini ya miaka 5 malipo ya matibabu kwenye vituo vya umma, lakini haiwalipii nauli, chumba cha kulala msindikizaji, chakula cha mwezi mmoja na biashara iliyofungwa. Pitieni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ya mkoa mapema, kabla ya kukata tiketi. Na mpangieni safari tatu: ya kupimwa, ya upasuaji, ya kurudi kuangaliwa. Familia iliyopanga moja ndiyo inayokwama.

Tulichochagua

Kwa mtoto wa kaka yangu tulianza na maziwa ya ng'ombe. Tuliyaacha, wifi naye akaacha chai ya maziwa, tukabadilisha namna ya kumlisha, na daktari akampa dawa kwa wiki sita kwa vipimo vya uzito wake. Tulikubaliana mapema lini tungesema haitoshi: nimonia moja zaidi, au mwezi mmoja bila kilo kuongezeka, tunaomba rufaa bila kubishana. Mwezi wa kwanza aliongeza gramu 400. Alipofika miezi kumi na nne alikuwa ameacha kucheua, anatafuna samaki wa mgebuka aliyechambuliwa miba na shangazi yake.

Kwa mtoto wa jirani yangu hapa Mwanga, Kigoma mjini, mambo yalikwenda vingine. Ana mtindio wa ubongo, alikuwa na miaka miwili, nimonia nne ndani ya mwaka, dawa alishatumia kwa miezi. Kumwambia mama huyo asubiri kungekuwa ukatili. Alifanyiwa kwa matundu na mpira wa tumboni papo hapo, na daktari aliyekuwa amezoea njia hiyo. Aliambiwa wazi kwamba kwa mtoto kama wake mkunjo unaweza kulegea baada ya mwaka au miwili. Alisema, "Nipe hiyo miwili ya kulala, dada." Barua yake iko ndani ya mfuko wa nailoni, imetundikwa kwenye msumari karibu na mlango, na kila mtu wa nyumba ile, hata mtoto wake wa darasa la nne, anajua kwamba tumbo la mdogo wao likiwa gumu, barua ndiyo inayotangulia kuchukuliwa.